Barua kwa mwanangu: kile kitabu nilichokichoma

Magomeni, Dar es Salaam

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Salamu zako zilinifika Jumapili usiku, swali likafuata nyuma yake, na tangu hapo natembea nalo kila ninakokwenda, mpaka sokoni. Usidhani umenikosea. Umeuliza jambo ambalo ulikuwa na haki ya kuliuliza siku ileile, na mimi ndiye niliyekuziba mdomo.

Nalirudia hapa kama ulivyoliandika, nisije nikajibu lingine: "Mama, nikiwa kidato cha pili ulinichomea kitabu cha mapenzi huku nakuangalia, ukaniambia vitabu hivi vitaniharibu. Leo nakuletea vitabu vya namna hiyohiyo, unavisoma mpaka saa nane usiku na kunitumia ujumbe wa sauti kunisimulia. Nini kimebadilika?"

Ningeweza kukupigia. Nilishika simu mara mbili nikaiweka. Kwenye simu ningesema yaliyopita si ndwele, kisha ningegeuza mazungumzo tukaongelea bei ya mchele. Kwa hiyo nimenunua daftari, naandika kwa mkono, na mdogo wako anayekuja Dodoma na SGR Alhamisi ndiye atakayekukabidhi. Nimemwambia asifungue.

Niache nipite kwenye vitabu kwanza. Sikwepi. Hivyo vitatu ulivyonibebea kwenye mfuko wa kitenge ndivyo vilivyonifikisha mahali pa kuweza kukujibu.

Nilianza na chembamba, *My Sister, the Serial Killer* cha Oyinkan Braithwaite wa Nigeria, kilichotoka 2018. Nilikichagua kwa wembamba wake tu, maana Kiingereza changu ni cha kwenye mafaili ya wagonjwa. Majina ya dawa na ya viungo vya mwili nayajua, lakini maneno ya watu wanaogombana na kubembelezana nayafuata na kamusi pembeni. Hiki hakikunisumbua. Sura zake ni fupi mno, nyingine hazijazi hata ukurasa, na anayesimulia ni nesi.

Korede, nesi wa Lagos, anaitwa na mdogo wake Ayoola: ameua mwanamume. Ni wa tatu. Korede anakwenda na vifaa vya usafi, anasugua, anakunja, anasaidia kuubeba mwili. Mwanangu, mimi nimeosha damu miaka 34. Najua damu haifuliwi kwa maji ya moto, maana moto huigandisha kwenye uzi isitoke tena. Unaanza na ya baridi. Najua vyombo vya wodini tulivyokuwa tukiviloweka dakika 10 kwenye maji ya klorini ya asilimia 0.5 kabla mtu hajavisugua. Najua harufu ya jiki inavyong'ang'ania vidoleni, unakula ugali unaona unakula jiki. Basi Korede alipoanza kueleza jinsi jiki inavyofunika harufu ya damu, niliinua mikono yangu nikainusa. Mwaka mzima tangu nistaafu, na nilinusa.

Wewe uliniambia ni hadithi ya upelelezi. Mimi upelelezi niliujua kwa Bwana Msa. Tulipokuwa shule tulikuwa tunagombania *Mzimu wa Watu wa Kale* cha Muhammed Said Abdulla, kile kilichoshinda mashindano ya uandishi ya Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1950 na kuchapishwa 1960. Bwana Msa na kiko chake, anauliza kidogo, ananyamaza sana, na mwishoni anakusanya watu na kufungua fundo moja baada ya jingine. Ukifunga kitabu unaona dunia imekaa sawa, mkosaji kajulikana, na wewe unaweza kwenda kuchota maji. Nilimtafuta Bwana Msa kwenye kile kitabu cha Lagos sikumwona. Muuaji unamjua tangu ukurasa wa kwanza. Fumbo lililobaki ni dada mtu: kwa nini anaendelea kusafisha? Na jibu linatoka polepole, kwa baba yao, jinsi alivyokuwa akiwapiga, na kisu ambacho Ayoola anatembea nacho kilikuwa cha baba huyohuyo. Braithwaite halipigii ngoma jambo hilo. Analidondosha kipande kipande, na wewe msomaji ndiye unayejikuta unafanya kazi ya Bwana Msa bila kiko.

Kuna mahali nilifunga kitabu nikatoka uani. Hospitalini kwa Korede yupo mgonjwa anayeitwa Muhtar, amelala miezi hana fahamu. Korede anakaa kando ya kitanda chake na kumwambia kila kitu, mauaji, woga, na yule daktari anayempenda kimoyomoyo. Hana mwingine wa kumwambia.

Hili sijapata kukuambia. Na mimi nilikuwa nafanya hivyo. Mwaka ule ule wa kitabu chako, 2004, tulikuwa na mzee aliyeanguka kutoka juu ya mnazi. Hakuwa akifumbua macho. Tulipokuwa mafunzoni tulifundishwa kumsemesha mgonjwa hata kama hana fahamu, tumtajie jina lake, siku, kwamba sasa tunakugeuza ubavu wa kushoto, kwa sababu huenda anasikia. Nilianza hivyo. Baadaye, saa tisa usiku, wodi imetulia, nikajikuta namwambia mengine. Nilimwambia watoto wangu wako nyumbani peke yao, mkubwa ana miaka 15, ndiye anayemlisha mdogo wake. Nilimwambia baba yao yuko njia ya Tunduma na lori, na kwamba kila nikisikia mlango wa mapokezi unagongwa usiku naogopa kuangalia ni nani ameletwa. Asubuhi nilikuwa narudi nyumbani nawauliza kama mmekula. Basi. Mzee wa mnazi aliyajua yote, ninyi hamkujua hata moja.

Alihamishwa kabla sijaujua mwisho wake. Muhtar wa kitabuni anazinduka. Na alikuwa akisikia.

Kile kinene nilikiogopa, nakiri. *Fourth Wing* cha Rebecca Yarros, cha 2023, tofali zima, na jalada lenye majoka. Nilikwambia kwenye simu kwamba mambo ya majoka ni ya watoto. Lakini jioni moja umeme ulikatika, nikakaa barazani na kitabu mapajani nikingoja urudi, na yule jirani yetu fundi cherehani akauliza kinasema nini. Nikamsimulia sura ya kwanza: msichana Violet anaingizwa chuo cha kijeshi cha wapanda majoka. Kesho yake akaja na bibi wa nyumba ya pili na binti anayekaanga bagia pale kona. Wiki tatu, mwanangu, kila baada ya magharibi, nasoma mchana na kusimulia jioni. Bibi ndiye aliyekuwa akifungua: "Hadithi hadithi!" nasi "Hadithi njoo!" Kitabu kilichoandikwa Marekani kikawa kinachambuliwa pamoja na mchele.

Nilipowaambia joka, waliona chatu. Joka letu sisi halina mabawa wala haliongei. Nikaeleza kwamba hili linaruka, lina akili kuliko mtu, linamchagua linayemtaka na kumkataa lisiyemtaka, na likishamchagua linazungumza naye ndani ya kichwa chake, wengine hawasikii. Bibi akaacha kupepeta. Akasema huyo si joka, huyo ni pepo, na huyo msichana ni kiti chake. Nilikaa kimya nikifikiri. Unajua mambo ya kilingeni: pepo ndiye anayempanda mtu, mtu anakuwa kiti, na mganga anaanza kumuuliza pepo jina lake na anachotaka. Kitabuni mtu ndiye anayempanda joka mgongoni, lakini sauti inakuja ileile, ya ndani, inayokujua kuliko unavyojijua. Tangu siku hiyo wale wanawake hawakupotea tena. Yule joka mkubwa mweusi, Tairn, walimwita Babu, na wakawa wananiuliza Babu leo kakasirika au katulia.

Kitabu kina makosa yake nami nitayasema. Uzuri wa yule kijana Xaden unaelezwa na kuelezwa tena, mpaka nikawa naruka mistari. Zipo kurasa za chumbani ambazo barazani nilizipita kwa sentensi moja, na wanawake walielewa wakatazama chini. Mwanzoni niliwachanganya wale wanafunzi, maana wanakufa wengi na upesi, hujapata hata kumzoea mmoja kashaanguka. Mwisho wake siutaji hapa; ikiwa mdogo wako hakunisikia na ameifungua barua hii, asiharibikiwe, naye keshaniomba akisome.

Lakini Violet nilimpenda tangu alipofungwa bandeji ya goti. Viungo vyake vinateguka kwa kitu kidogo, mifupa inavunjika upesi, nywele zake zina ncha za fedha. Mwandishi mwenyewe amesema wazi kwamba anaishi na Ehlers-Danlos, ugonjwa unaolegeza tishu zinazoshika viungo, na unaona kabisa kwamba anayeandika anajua. Anajua kwamba mtu wa namna hiyo anapima kila ngazi kabla hajakanyaga. Anajua maumivu ya asubuhi si yale ya jioni. Nimewafunga bandeji watu wengi sana maishani, na sijapata kusoma hadithi ambayo shujaa wake anajifunga mwenyewe kisha anakwenda vitani.

Sasa yuko mama yake. Jenerali Sorrengail. Binti amesomea uandishi wa kumbukumbu miaka yote, ndiyo kazi ya marehemu baba yake, ndiyo aliyoipenda. Mama anaamuru: utakwenda kwa wapanda majoka. Ukifa, umekufa. Hakai naye chini, hamwelezi. Siku ya kuvuka lile daraja jembamba la mawe, kuna mvua na upepo, chini ni shimo, na dada yake Mira ndiye anayempunguzia mzigo na kumpa viatu vyenye soli inayoshika. Na Violet, kabla hajavuka, anambadilishia msichana asiyemjua kiatu kimoja, ili kila mmoja awe na mguu mmoja usioteleza. Hapo barazani palilipuka. Binti wa bagia alipiga makofi. Fundi cherehani alisema huyo kalelewa vizuri.

"Kalelewa na nani?" bibi akauliza. "Na yule mama anayemtupa?"

Wakagombana. Fundi akasema mama yule ni katili, hana moyo. Bibi akasema huenda anajua kitu asichoweza kusema. Binti wa bagia akasema, kama anajua basi aseme, kusema kunagharimu nini? Wote wakanitazama mimi, kwa kuwa kitabu kilikuwa changu. Sikuwa na jibu. Nilisema umeme umerudi, twende tukalale.

Usiku ule ndipo nilipoanza kukuona, wewe wa miaka 15, umesimama mlangoni.

Kile cha mapenzi nilikiweka mwisho, nadhani unajua sababu. *Book Lovers* cha Emily Henry, cha 2022. Nora ni wakala wa waandishi huko New York, yaani anawatafutia wachapishaji, mwanamke wa kazi, amejibana, wanaume wanamwacha mmoja baada ya mwingine na kwenda kuoa wasichana wa miji midogo. Mdogo wake Libby anamshawishi waende mwezi mmoja kwenye kijiji cha North Carolina kinachoitwa Sunshine Falls. Huko anamkuta Charlie, mhariri ambaye miaka miwili nyuma aliukataa mswada wa mwandishi wake. Unajua kabisa wataishia wapi. Na nimegundua kwamba kujua hakuniudhi. Niliishi miaka 34 kazini sijui nani ataamka na nani hataamka. Kitabu kinachoniahidi mlangoni kwamba hawa wawili watapatana, kisha kikatimiza, kwangu ni mapumziko ya kweli. Nilichokuwa nafuata ni njia wanayopita. Wanafanya kazi ya mswada pamoja, wanabishana juu ya neno moja, na Charlie anampenda kwa ule ukali wake ambao wengine waliukimbia. Baba yenu naye alikuja hivyo, si kwa maneno. Saa moja asubuhi nikitoka zamu ya usiku alikuwa getini na chapati mbili ndani ya gazeti, mafuta yamepenya mpaka kwenye habari za michezo. Hakuuliza kwa nini nimenuna. Alitembea upande wa barabara.

Lakini machozi yangu hayakuwa ya Nora na Charlie. Wale walinifanya nitabasamu tu. Nililia kwa ajili ya Nora na Libby. Mama yao alifariki Nora akiwa bado msichana, naye akageuka mama wa mdogo wake, akaacha aliyoyataka, akahesabu pesa, akahakikisha mwenzake hajui hofu inafananaje. Akawa mgumu. Halafu inafika siku anasoma mswada na kumkuta ndani yake mwanamke baridi, mkali, asiye na huruma, na anatambua kwamba aliyeandika amemchora yeye. Wewe unadhani umewabeba watu mgongoni, kumbe wao wameona mgongo tu.

Ujumbe wako wa Jumapili niliusoma hivyo. Nilimwona yule mwanamke anayechana kurasa na kuzitia jikoni huku mtoto anatazama, nikasema, huyu ni nani? Kisha nikamjua.

Sasa nakujibu.

Tulikuwa tumepanga Tandale, chumba na ukumbi. Nilikuwa zamu ya usiku. Nilirudi asubuhi nikafungua mlango, mdogo wako amelala, na wewe umelala chali, kitabu kifuani. Luku ilikuwa imeisha usiku. Kwenye stuli karibu na kichwa chako kulikuwa na koroboi, mafuta yamekauka, utambi umebaki kaa. Nilikuwa naichukua ili nikaijaze ndipo nikaona chandarua. Pembeni, usawa wa uso wako, palikuwa na tundu. Dogo, kama sarafu ya shilingi mia. Kingo zake zilikuwa zimekunjamana na kuwa ngumu, nyeusi kidogo, zinakwaruza kidole.

Kilikuwa kimeshika moto, mwanangu. Kilishika, kikazimika chenyewe. Sijui kwa nini kilizimika. Mpaka leo naandika haya vidole vinakumbuka zile kingo.

Wiki ileile wodini kulikuwa na mtoto wa miaka sita, koroboi na chandarua. Mimi ndiye niliyekuwa nambadilishia bandeji. Sitakueleza zaidi ya hapo. Mama yake alikuwa amekwenda msalani tu.

Nilisimama pale na wewe umelala. Ningekuamsha nikakuonyesha lile tundu. Ningekukumbatia nikalia. Ningesema, nisomee mchana, mama, usiku naogopa moto. Hayo yote nayaona leo. Wakati ule nilikuwa nimesimama kazini kwa muda wa saa kumi na mbili, mwili unatetemeka, na kitu pekee nilichoweza kukishika kwa mkono kilikuwa kitabu. Nikakuamsha kwa kelele. Nikasema maneno niliyoyasikia kwa mama yangu, kwamba vitabu vya mapenzi huharibu wasichana, na nikakipeleka kwenye jiko la mkaa. Wewe hukulia. Ulisema tu, "Si changu, mama." Sikusikia. Ulipokwenda shule nililishona lile tundu kwa uzi mweupe, mishono midogomidogo ya hospitali, usije ukaliona.

Hilo ni nusu ya jibu. Nusu ya pili ni ngumu zaidi kuiandika.

Kabla sijakitia motoni nilikifungua. Hakikuwa na jalada, lilikuwa limebanduka, na ndani ya ukurasa wa mwanzo kulikuwa na majina ya wasichana waliokisoma, kwa kalamu za rangi mbalimbali, la kwako la mwisho. Nikafungua katikati. Msichana amesimama stendi ya Ubungo, tiketi mkononi, basi linaunguruma, konda anamwambia dada panda tunaondoka, na kijana aliyemwandikia barua hajatokea. Nilisoma ukurasa huo mmoja nimesimama, na sare yangu ya kazi mwilini. Nikataka kufungua wa pili. Nilitaka kwa nguvu iliyonishangaza. Nilikuwa na miaka kama ya kwako leo, mume yuko njiani wiki tatu katika mwezi, usiku nazungumza na mzee asiye na fahamu, na hapo palikuwa na mtu ameandika, kwa Kiswahili chepesi kabisa, habari ya mwanamke anayengoja. Nikaona aibu. Nikajiambia, kama kinaweza kunishika mimi mtu mzima kwa ukurasa mmoja, kitamfanya nini mtoto?

Kwa hiyo nilikichoma kwa ajili ya moto, na nilikichoma kwa sababu nilitaka kukisoma. Nikakuambia sababu ya tatu ambayo haikuwa yangu.

Umeniandikia pia kwamba ulimlipa mwenye kitabu kwa nauli yako, ukawa unatembea kwenda shule muhula mzima. Nilikuwa naziona raba zako zimeisha visigino. Nilidhani ni mchezo wa rede. Nisamehe, mama yangu. Nisamehe kwa kitabu, na kwa ile njia yote uliyoitembea, na kwa kuwa bibi wa barazani aliuliza swali la Jenerali Sorrengail mwaka huu ndipo nikajua kwamba lilikuwa langu.

Umeuliza nini kimebadilika. Vitabu vile havikuwa tofauti na hivi, hilo usilitilie shaka. Na si kwamba siku hizi naruhusu kila kitu. Ungekuwa na miaka 15 leo, *Fourth Wing* nisingekupa bado, kwa zile kurasa nilizoziruka, ila ningekaa nawe nikakwambia ni kurasa zipi na kwa nini, na ningekupa taa nzuri. Mwana Kupona wa Pate alipokuwa mgonjwa, yapata 1858, alimtungia bintiye utenzi mzima wa kumweleza namna ya kuishi na mume na watu. Tuliukariri shuleni bila kuupenda sana, kila mstari ni fanya hivi, usifanye vile. Nikiufikiria sasa naona jambo moja tu: alikaa akamwambia. Mimi nilikuwa na afya na miguu miwili nikashindwa kukaa.

Kilichobadilika ni kwamba nimestaafu, nalala usiku, na nimesoma. Kile cha mwanzo nilikihukumu kwa ukurasa mmoja. Hivi vitatu nimevisoma mpaka mwisho, na katika vyote nimekuta mwanamke anayempenda mtu wake kwa kumficha jambo. Korede anaficha damu. Jenerali anaficha anachokijua. Nora anaficha uchovu. Sikwenda kumtafuta, nilivifungua kutafuta burudani, akawa ananisubiri.

Jumamosi nilipanda mwendokasi mpaka Posta. Nilikwenda kwa wale wauza vitabu vya mitumba wanaotandaza chini, nikamweleza kijana mmoja kitabu ninachokitafuta. Akaniuliza jina, sikulijua. Akaniuliza mwandishi, sikumjua. "Sasa mama, unachokijua ni nini?" Nikamwambia najua stendi ya Ubungo, tiketi, konda. Alicheka kwa heshima, akainama, akaanza kunitolea vijitabu vya zamani kimoja kimoja, vumbi linaruka, anasoma katikati kwa sauti kuniuliza kama ndicho. Tulikaa kama saa nzima. Hatukukipata. Ameandika namba yangu nyuma ya boksi.

Ukija mwisho wa mwezi niletee cha pili cha wale majoka, bibi ananisumbua. Chandarua kile ninacho bado, nimekitoa sandukuni, utaona mishono.

Na uniambie kitu kimoja. Wewe ulikuwa umeshavuka ule ukurasa, au ulikuwa hujafika? Yule msichana alipanda basi?

Mama yako